Mwili Uko Tayari

Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu mtu akifa tunasema maiti. Mwili ni wa mtu aliye hai: unaumwa, unakogeshwa, unapakwa mafuta. Naanza na hili kwa sababu nimeulizwa mara nyingi, na watu wenye haki ya kuuliza, ilikuwaje mtu anayejisifia Kiswahili kama mimi akalitamka neno lile kwenye simu. Jibu langu ndilo hilo, na najua halitoshi.

Nilikuja Lodwar, huku Turkana, kufundisha. Shule ilinishinda, au mimi niliishinda, lakini mji haukunishinda, nikabaki. Baadaye nikachukuliwa kwenye utafiti mmoja wa wagonjwa. Kazi yangu ilikuwa kuyaweka maswali na fomu katika Kiswahili, na kuketi na wagonjwa wenyewe, Lodwar na Kakuma. Mkubwa wetu, daktari mwanamke kutoka Nairobi mwenye subira kunishinda mara kumi, alitaka kujua jambo moja tu: mtu anayeishi na ugonjwa mrefu anausikiaje ndani ya mwili wake. Maswali ya kawaida yalikuwa yamemchosha. Ukimwuliza mgonjwa anajisikiaje, atakwambia afadhali kidogo, nawe utaandika afadhali kidogo, na mtaagana kwa heshima bila kuambiana kitu.

Kwa hiyo tulitandika karatasi kubwa ya kahawia sakafuni. Mgonjwa alilala chali juu yake, nami nikamzungushia kalamu ya wino mzito kuanzia utosini, mabegani, katikati ya vidole, hadi nyayoni, nikarudi upande wa pili. Akiinuka, anaona umbo lake limebaki chini. Hapo hupewa rangi alijaze: maumivu yako wapi, hofu iko wapi, dawa inapita wapi. Anachora huku anaongea, na kinasa sauti kinafanya kazi kando. Watu ambao hawajawahi kunijibu swali hata moja walikuwa wakiongea mpaka kalamu zinakauka.

Kazi hii ilikuwa na jina refu la Kiingereza. Ofisini tulilikata, michoro tukaiita miili. Lete ile miili mitatu ya Kakuma. Huu mwili wa Kalobeyei mbona haujakauka rangi? Hata mlinzi wa getini alilishika neno hilo. Hakuna aliyeona ubaya, na mimi, niliyekuwa nikiwasahihisha wenzangu kila "iko" na kila "hiyo mtu" mpaka wakawa wananikimbia saa ya chai, ndiye niliyelianzisha.

Tuliitundika katika chumba cha ndani, kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo. Wengi walikuwa hawajachora uso. Mzee mmoja Mkongomani kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma alikuwa amechora sanduku lililofungwa kifuani pake na hakuchora kitu kingine. Feni ikiwashwa, wote walitikisika pamoja, miguu ikipapasa ukuta. Meza yangu ilikuwa mle mle. Wiki ya kwanza niliigeuza nitazame dirisha. Wiki ya pili nikaona heri niwatazame kuliko kuwapa mgongo, nikairudisha. Mwishowe nilikuwa nazima feni, na joto la Lodwar mnalijua.

Mama ninayemkumbuka alikuwa wa Kakuma, upande wa mji. Nitamwita mama, maana ndivyo nilivyomwita. Alikuwa na ugonjwa wa mifuko ya maji, ule unaotokana na mbwa, ambao hukaa kwenye ini miaka na miaka. Tumbo lake lilikuwa limesimama, na watu walikuwa wamemwuliza sana habari ya mimba hata akaacha kwenda sokoni. Madaktari walikuwa wamemwambia wazi: apasuliwe, mifuko itolewe, kabla haijapasuka yenyewe ndani. Ikipasuka ndani, huenda asifikiwe kwa wakati. Alikuwa amekataa mara mbili.

"Ejok," nilimsalimu siku ya kwanza, katika ukumbi wa kanisa. Lilikuwa neno langu moja la Kiturkana ambalo sikuogopa kulikosea.

"Ejok-nooi," akajibu, akaitazama kalamu yangu. "Wewe ndio msichana ya karatasi?"

Alilala na shanga zake zote shingoni, akakataa kuzivua, kwa hiyo umbo lake pale shingoni likatoka pana mno. Kalamu ilipompita kwapani alicheka hadi nikaharibu mstari. Ilipofika kiunoni akanishika mkono ghafla.

"Hapa polepole," alisema. "Iko mtu amelala."

Alipoinuka alichukua rangi ya buluu na kujaza tumbo zima, taratibu, bila kuvuka mstari. Akaniambia hayo ni ngakipi, maji. "Turkana yote inatafuta maji. Mimi niko nayo hapa, na hakuna mtu inaweza kunywa." Miguuni alichora boma lake. Uso akauacha. Nilipomwuliza, akasema uso anaujua. Kisha alisimama kando ya karatasi muda mrefu, akilitazama lile umbo lililolala.

"Sasa tuko wawili," alisema.

Niliifurahia sentensi hiyo. Ni sentensi ambayo mtafiti huipigia mstari, na nilipofika ofisini niliipigia.

Wiki mbili baadaye aliniita. Amekubali kupasuliwa, lakini ana sharti. "Mimi nitaenda. Lakini hii ingine irudi nyumbani. Nikienda Lodwar na yeye iko Lodwar, mimi yote iko Lodwar. Nyumbani hakuna mtu. Mmoja lazima ikae."

"Itarudi, mama."

"Mbele ya kisu?"

"Kabla ya kisu," nikasema, nikimsahihisha hata hapo.

Kuahidi ni rahisi. Kanuni ya utafiti ilisema michoro yote ikae ofisini mpaka kazi iishe. Nilimsihi mkubwa wetu, naye akawaandikia waliokuwa juu yake, na barua zikaenda na kurudi. Mama akalazwa Lodwar, upasuaji ukapangwa Alhamisi. Kila alasiri nilipita wodini, naye kabla sijakaa aliuliza, "Ameenda?" Nikamjibu bado. Nilikuwa na wasiwasi kweli kweli, kwa kuwa nilijua ikifika Alhamisi karatasi haijaondoka, atashuka kitandani na kwenda zake, na safari hii hatapatikana tena.

Jumanne mchana ruhusa ikaja: tuupige picha mchoro, wenyewe urudishwe. Gari la ofisi lilikuwa safarini Katilu. Nikaona jambo jepesi ni kumpigia binti yake, aliyekuwa na kibanda cha chai Kakuma kando ya barabara ya Lokichoggio, aje auchukue. Nilikuwa na furaha, na furaha ndiyo iliyonikoroga.

"Mwili wa mama uko tayari hapa ofisini," nilimwambia. "Njoo uuchukue, usichelewe."

Ningependa kusingizia mtandao. Mtandao siku hiyo ulikuwa safi. Nilisikia hata lori likipita upande wake. Nyumbani kwao kile kitu kiliitwa karatasi. Mwili lilikuwa neno letu la ofisini. Na huko bara, ukiambiwa kwenye simu uje uchukue mwili wa mama yako, hakuna anayehitaji kukueleza zaidi. Nilikuwa nimelisikia neno hilo likitumika hivyo redioni miaka yote niliyokaa Lodwar. Nilikuwa nalisikia na kulikosoa.

"Sawa, madam," akasema, akakata. Nikasema moyoni, binti mwenye adabu. Nikaenda kula, na nilikula vizuri. Kwa chakula kile sijajisamehe mpaka leo.

Jumatano asubuhi gari dogo la kukodi lilisimama getini. Wakateremka binti na kaka mkubwa wa mama, mzee mrefu mwenye fimbo, amebeba mkeka na shuka jipya. Mlinzi alinisimulia baadaye, akilia. Walimwuliza mwili uko wapi, naye akawaonyesha mlango. "Ingia tu. Miili iko chumba ya ndani."

Nilikuwa stoo natafuta mpira wa kufungia karatasi. Nilipotoka niliwakuta wamesimama katikati ya zile karatasi zilizotundikwa. Mtu alikuwa amewasha feni. Binti alikuwa anapita kutoka umbo moja hadi jingine, akiangalia pale ambapo uso ungekuwa. Nami nikamfuata nikitabasamu, nikamnyooshea mchoro wa mama yake uliokunjwa vizuri.

"Huu hapa," nikasema.

Aligeuka, nikamtazama sawasawa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, kama wafanyavyo kwao wakifiwa na mzazi. Shingo ilikuwa tupu, na pale zilipokuwa shanga ngozi ilikuwa nyororo na ya rangi nyingine. Niliitazama shingo ile nikaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja. Nikakaa sakafuni.

"Mama yako yuko hai," nikasema. "Yuko hai! Yuko wodini, anakungoja."

Hakuniamini. Kwa nini aniamini? Mzee alinishika mkono, akaniinua, akasema kwa upole ulioniumiza kuliko kofi, "Twende utuonyeshe."

Mama alikuwa ameketi kitandani. Alimwona binti yake mlangoni, na macho yake yakaenda kichwani, yakashuka shingoni, yakakaa hapo. Binti alimkimbilia akamshika miguu, akaipapasa juu chini. Mama hakumgusa.

"Nani alikufa?" aliuliza. Aliuliza kwa Kiswahili, ndipo nikajua swali lilikuwa langu.

Nikapiga magoti nikamweleza. Neno, simu, karatasi, yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia kaka yake na kuuliza kitu kimoja kifupi kwa lugha yao. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nilimsihi anitafsirie.

"Ameuliza kama tumechimba," mzee alisema. "Tumechimba jana. Ndani ya boma, vile inafanyiwa mama ya watoto."

Mama akaanza kukusanya vitu vyake. Daktari aliitwa, akaja, akasema naye vizuri na kwa muda mrefu. Mama alimsikiliza kwa heshima huku akikunja leso. Alipomaliza akamjibu, "Watu imenililia. Nikikatwa sasa, hiyo kisu itafuata machozi." Kisha akanitazama mimi, na hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo. "Wewe hukudanganya. Ulisema mwili, na mwili ilikuwa kwa mkono yako."

Tulirudi Kakuma katika gari lile lile. Mkeka na shuka vilikuwa nyuma. Mimi nilikuwa na karatasi mapajani. Njiani mama aliomba kioo kifungwe kwa ajili ya vumbi.

Bomani walikuwa wameketi waombolezaji. Alipoteremka, watoto walikimbia. Watu wazima hawakukimbia lakini hawakusogea pia. Mama alizunguka nyumba yake akizungumza kwa sauti, akilaumu kuni zilizotapakaa, akilaumu mbuzi aliyefungwa vibaya, mpaka mwanamke mmoja jirani akacheka na kulia pamoja, akaja kumshika mkono. Baada ya hapo alikwenda kwenye shimo na kuchungulia.

Alisema shimo lililochimbiwa mtu halifukiwi tupu. Sijui kama hiyo ni desturi au aliitunga papo hapo. Nimewauliza wazee wengi tangu siku ile na kila mmoja kanijibu lake. Alichukua karatasi mikononi mwangu, akaikunjua. Ilikuwa ndefu kuliko shimo, lililochimbwa kwa haraka. Akaniambia nishuke niilaze, kwa kuwa ndiye niliyeichora. Nikashuka. Ilinibidi niikunje magotini. Niliyakunja yale magoti ya karatasi kwa mikono yangu, nikalaza tumbo la buluu kwa juu, na mzee akanivuta nikatoka, wakaanza kufukia. Nilisoma dua niliyofundishwa utotoni, kimoyomoyo, na sikujua namsomea nani.

Kabla sijaondoka mama alinionyesha kichwa cha binti yake. "Nywele ya huyu ikifika kusukwa, nitarudi hospitali."

Basi nikawa mtu wa kuhesabu nywele. Kila nilipokwenda Kakuma nilipitia kwenye kibanda, na kabla ya salamu macho yangu yalikuwa kichwani pa binti. "Madam, unapenda kichwa yangu sana," aliniambia. Alikuwa ameniwekea utani wake. Chai ikichemka aliniita kwa Kiswahili changu mwenyewe, akibana pua: "Madam, chai uko tayari, njoo uuchukue!" Wateja walicheka. Nilicheka nao. Ilikuwa adhabu nafuu sana, nami niliilipa kila mara kwa kunywa kikombe cha pili.

Mama naye alikuwa na utani, lakini wake ulinisumbua. Alijiita yule wa juu. Siku moja nilimkuta ameketi karibu na rundo la mawe lililofunika lile shimo, tumbo limezidi, mikono imekonda. Nilimwuliza usingizi unakujaje. "Ile ya chini inalala mzuri kuliko mimi," akasema. Kuna watoto waliokuwa bado hawapokei chakula mkononi mwake. Nilimwomba aende hospitali asingoje nywele. Nilimwomba kila safari. Alinisikiliza kama alivyomsikiliza daktari.

Ofisini mkubwa wetu aliandika onyo refu kuhusu maneno, tukabadilisha neno letu, tukaanza kusema michoro. Hakunifukuza. Mimi niliendelea kuwazungushia watu kalamu, lakini mkono ulikuwa umeharibika. Kila aliyelala chali nilimwambia aendelee kuongea ninapochora, asinyamaze, aseme chochote.

Nywele zikamea. Binti akasuka, misuko myembamba iliyobana, akanigeuzia kichwa nikione pande zote kama mwalimu anayekagua. Upasuaji ukapangwa. Mama alikuja Lodwar na kaka yake. Binti alikuwa amalizie mambo ya kibanda na kufika kesho yake. Nilimpokea mama mwenyewe. Alikuwa amechoka, akaniambia tumbo limeanza kuwaka. Nikawaambia wauguzi, nao walimkimbilia. Asubuhi, kabla hajafikishwa chumba cha upasuaji, mifuko ilipasuka ndani. Walifanya kila waliloweza. Saa sita na robo alikuwa ameondoka.

Mzee alikuwa nje, ameegemea ukuta kwenye kivuli. Hakuwa na simu. Nilipomwambia hakulia, alichora mstari mchangani kwa fimbo, akaufuta kwa mguu. Kisha akasema, "Piga wewe. Swahili yako iko mzuri."

Nilitembea hadi uani, nikashika simu, nikatafuta neno. Mwili sikuthubutu kulitamka tena. Maiti asingelielewa. Amefariki, ametutoka, ametangulia: yote nilipoyajaribu kinywani yalikuwa na mlango wa nyuma ambao mtu angeweza kutokea. Nilitaka neno lisilo na njia mbili. Akapokea, na nyuma yake nikasikia vikombe.

"Mama yako amekufa," nikasema.

Alicheka. Alicheka cheko lile lile la kibandani, la mtu anayetaniwa na rafiki.

"Aa-aa, madam. Leo hunipati," akasema. "Na hii nywele nimelipia! Mwambie akule vizuri, mimi nakuja kesho na maziwa."

Nikamwita. Alikuwa amekata. Nikapiga tena, naye akapokea akiwa bado anacheka, akawaambia wateja ni nani, akakata. Mara ya tatu hakupokea.

Niliporudi kivulini mzee alininyanyulia uso.

"Amesema nini?"

"Amesema anakuja kesho," nikamwambia. "Analeta maziwa."